Kinachotikisa Sakafu

Sironga,
6 Mei 2025

Kwa nyanya yangu, Magokoro Persis,

Shikamoo. Ningekuandikia kwa Ekegusii, lakini msimamizi wa bweni hufungua barua zetu na lugha yetu haijui, na wewe mwenyewe ulifundisha Kiswahili mpaka ukastaafu, ungenirudishia karatasi. Simu hapa ni marufuku. Hata ningeipata isingetusaidia, kwa kuwa masikio yako yalikataa kazi na macho yako hayataki maandishi ya simu. Basi imebaki kalamu, pamoja na Manasseh wa pikapu ya maziwa, ambaye amekubali kuwa posta yetu kila akipita langoni.

Unaendeleaje? Tangu tumzike Babu mwezi uliopita nawaza jinsi unavyokaa ndani peke yako ukilitazama kaburi dirishani. Mjomba Walter anakupikia, au anakuunguzia? Mwambie asioe kabla sijafunga shule, nataka nimchagulie mimi.

Nina shida moja. Kuna mdahalo, na hoja ni kama mnyama wa hadithi anaweza kuwepo kweli majini. Mimi napinga. Wasichana wa pande za ziwani wana mnyama wao mrefu, nami nimewaambia kwamba nina wangu, Omonyene, mwenyewe wa bwawa, na anakaa nyuma ya nyumba ya nyanya yangu. Walicheka mpaka mwalimu akaja. Niandikie kila unachojua juu yake, nimsimamishe mbele ya watu kisha nimbomoe.

Mjukuu wako,
Nyanchama


Nyansiongo,
9 Mei 2025

Kwa Nyanchama, mjukuu na mke mwenzangu,

Marahaba. Mume wetu ametuachia baridi, wewe huko na mimi huku. Walter anapika ugali ambao hata mbwa huusogelea kwa adabu, lakini anapika.

Unataka habari za Omonyene. Nitakupa kama nilivyopewa. Mzungu aliyekuwa na shamba hili kabla ya uhuru alitaka maji ya ng'ombe wake, akawaweka vibarua wakarundika udongo kuziba bonde, ndipo ukatokea ule ukuta ulio juu ya migomba yetu. Watu wetu walipogawiwa mashamba, wale vibarua waliwaambia kwamba maji yale yana mwenyewe. Anakaa chini kabisa. Mvua ikizidi anaamka, ananguruma, anazungusha maji, na akiona njaa hutafuna chochote. Aliwahi kumla dume wa kulimia pamoja na nira. Nimefundisha watoto miaka mingi nikiwaambia huo ni upuuzi, na niliyemkuta akilia kwa sababu yake nilimpa kazi ya kufagia darasa.

Sasa niache nikwambie nisichomwambia mtu. Mvua ya mwaka huu haijatupa nafasi ya kuanika hata leso, na bwawa limejaa mpaka kwenye nyasi za juu ya ukuta. Juzi Walter aliona maji yakizunguka mahali pamoja, kama ya beseni lililotobolewa, na bata wa Mogire akazama hapo hapo asionekane tena. Juu ya ukuta ng'ombe alitumbukiza mguu mpaka gotini, na shimo limebaki. Huku chini, kwenye migomba, pametoka chemchemi ambayo haikuwepo tangu niolewe.

Na sakafu inatetemeka. Unaijua nyumba hii, ni mbao tupu chini. Mimi siku hizi nasikia kwa miguu. Walter akitaka kuniita nikiwa chumbani hukanyaga mbao za sebuleni kwa kisigino, maana tangu atoke jandoni hajavuka pazia la chumba changu, na mtoto wa Kikisii mwenye adabu havuki. Kwa hiyo kila mtikisiko wa mbao zangu naujua. Huu sio wa Walter. Unatoka chini, unanyamaza, unarudi.

Mogire, mdogo wa Babu yako, amekuja na wazee. Unajua mjane haliachi kaburi bichi kabla matanga hayajaondolewa, lakini wanasema Omonyene akiamka hata mjane ana ruhusa. Wanataka niende Mosocho kwa mama yako. Nimefunga nguo zangu kwenye shuka, nikazifungua, nikazifunga tena. Sipendi kumwacha Babu yako peke yake kwenye mvua, na sipendi kukimbizwa na hadithi niliyoicheka maisha yangu yote. Lakini naogopa, Nyanchama.

Wewe ndiwe unayesoma sayansi. Niambie kuna kitu au hakuna kitu. Utakachosema nitakifanya.

Magokoro wako,
Persis


Sironga,
12 Mei 2025

Magokoro mpenzi,

Hakuna kitu. Fungua hilo shuka, nguo zirudi sandukuni.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na nakujibu kama nitakavyowajibu wale wa upande wa pili. Mnyama hazaliwi na udongo. Ana mama, ana baba, na wao walikuwa na wao. Omonyene amekaa peke yake tangu enzi za Mzungu, hana mke, hana mtoto, na hafi? Mnyama wa kumla dume na nira angemaliza samaki wa bwawa lile kabla ya mwezi kwisha, kisha angetoka kuja kuomba maziwa kwa Manasseh. Na mavi yake yako wapi? Samahani, lakini jaji anapenda swali kama hilo.

Maji kuzunguka ni upepo, umekwama kati ya ukuta na kilima. Bata ameliwa na kenge, au amepikwa na jirani ambaye hatumtaji. Shimo la juu ya ukuta ndilo linalonipa furaha, kwa sababu hapo nimemshika. Ni fisi maji. Hukaa kando ya maji, huchimba tundu refu kwenye udongo, na tundu likiporomoka ng'ombe anatumbukia. Hiyo chemchemi yako ni maji yanayopitia kwenye tundu lake. Huo mtetemo ni yeye na watoto wake wakichimba.

Mwambie Mjomba Walter achukue wenzake wachimbe pale palipo na shimo. Wafuate tundu mpaka mwisho, watamtoa akiwa anawatazama, na Mzee Mogire atakosa pa kuficha uso. Nawe mbao zikitikisika, kaa hapo hapo umalizie chai yako. Ni fisi maji anajenga nyumba kama watu wengine.

Usihame. Babu hawezi kubaki peke yake kwa sababu ya hadithi.

Nyanchama


Nyansiongo,
16 Mei 2025

Kwa wakili wangu Nyanchama,

Naandika kabla jua halijatua, Sabato isinikute na kalamu mkononi.

Barua yako imenitoa jiwe kifuani. Niliisoma mwenyewe kwanza, kisha nikamwita Mogire na wale wazee nikawasomea kwa sauti, kama zamani nikisomea darasa. Sikusikia sauti yangu lakini niliziona nyuso zao. Ulipofika kwenye mavi, Walter alicheka akashika ukuta. Mogire hakucheka. Alisema msichana wa shule amesema na sisi tumesikia, lakini akaona heri tuondoke kwanza, tuchimbe baadaye. Nilimuuliza kama mimi nitalala ugenini kumkimbia fisi maji. Alichukua kofia yake akaaga. Nilifurahi kumshinda, nakuambia kweli.

Nguo zimerudi sandukuni.

Jumapili egesangio yetu, kile kikundi cha kulimiana mashamba, watakuja na majembe na sururu. Walter ndiye atakayewaongoza. Ameshaweka vigingi pale shimo lilipo, na ameahidi kukuletea mkia. Mimi nitawapikia chai na viazi vitamu. Ni mara ya kwanza tangu mazishi watu kuja hapa bila kuvaa nyuso za kunionea huruma.

Fisi maji wako ana bidii. Shimo limekuwa pana, mtu anaweza kusimama ndani. Ile chemchemi ya kwenye migomba ilikuwa safi, nikawa nachota ya kufulia, sasa imegeuka rangi ya chai ya maziwa na imeongezeka. Walter anasema ni kwa vile mnyama anachafua akichimba. Na mbao hazinyamazi tena. Nimekaa nazo kama ulivyoniagiza.

Manasseh atapita kwenu Jumatatu. Ukipata hii, kazi itakuwa imekwisha.

Magokoro wako,
Persis


Sironga,
19 Mei 2025

Magokoro,

Barua yako nimeipata sasa hivi langoni. Naandika kwenye ngazi za maabara, Manasseh ananisubiri, samahani kwa mwandiko. Sweta yangu imechanika kiwiko na baridi inanipenya.

Ondoka kwenye nyumba. Ukimaliza mstari huu usisome mwingine, ondoka.

Mdahalo ulikuwa Jumamosi jioni na nilishinda. Leo asubuhi nilikuwa namsimulia Mwalimu Emily, anayetufundisha fizikia, jinsi nilivyommaliza Omonyene. Alikuwa anacheka. Kisha nikamwambia habari za chemchemi, na akaacha kucheka. Aliniuliza maji yake ni safi au yana tope. Nikasema safi, maana ndivyo nilivyodhani. Akasema afadhali. Akachora ukuta ubaoni. Anasema ukuta wa udongo maji yakipita ndani yake yakiwa safi, yanapita tu. Yakitoka na tope, tope hilo ndilo ukuta wenyewe. Unaliwa kutoka ndani. Kinazuka kishimo chembamba, kinapanuka, juu panadidimia, maji ya bwawa yanazunguka yanapoingia, na chini ardhi inatetemeka. Kila ulichoniandikia, Magokoro. Alivitaja vyote na mimi sikuwa nimemwambia bado.

Kisha nikaitwa langoni nikaipokea barua yako, na nikasoma rangi ya chai ya maziwa.

Nilimkimbilia Mwalimu. Amesema ukuta wa namna hiyo haukanyagwi, haupigwi hata jembe moja. Jana ilikuwa Jumapili. Nakuomba mvua iwe iliwazuia. Nakuomba wawe walilala.

Ametoa simu yake tukapiga kwa Mjomba Walter. Haipatikani. Tumepiga kwa Mzee Mogire, inaita tu, haipokelewi. Namuuliza Manasseh kama amepita kwenu leo, anasema alifika barabarani tu kabla ya mapambazuko, palikuwa na watu wengi na hakushuka. Hanitazami usoni.

Nijibu neno moja. Nijibu tu.

Nyanchama


Nyansiongo, kwa Mogire,
22 Mei 2025

Kwa Nyanchama, mjukuu wangu,

Mama yako atakuja kukuchukua kesho. Nimemzuia asikwambie lolote kwa simu ya shule, nikasema mtoto wangu nitamwandikia mwenyewe.

Mjomba wako Walter ametutoka. Tutamzika Jumapili, juu, kwenye shamba la Mogire.

Watu walifika asubuhi na majembe yao, wakachimba wakiimba, ndivyo ninavyoambiwa. Mimi nilikuwa chumbani nabadilisha nguo niwapelekee chai ya pili. Nilikuwa na kikombe changu. Mbao zikatikisika. Nikaketi kitandani. Zikatikisika tena, kwa nguvu, kwa haraka, zikaacha, zikaanza. Nikasema moyoni, ni yule. Nikamalizia chai yangu.

Alikuwa Walter. Ukuta ulipoanza kuteleza wenzake walikimbilia kilimani, na wote waliniita kwa sauti, hakuna aliyekumbuka kwamba sisikii. Yeye alikumbuka. Aliteremka mbio akaingia sebuleni, akasimama upande ule wa pazia akikanyaga mbao. Nyanchama, alisimama pale akikanyaga na hakuingia, kwa sababu nilimlea asiingie.

Mwishowe aliingia. Nilikuwa sijafunga vifungo. Nilimgombeza. Nilimwambia hata adabu ameitupa, na viatu vyake vimejaa tope. Mdomo wake ulikuwa unasema kitu na sikutaka kuusoma. Alinibeba kama gunia la mahindi, akanitoa kwa dirisha la upande wa kilima, na Mogire akanipokea mikononi. Nilipogeuka, hapakuwa na dirisha. Nyumba, migomba, kaburi la Babu yako, vyote vilikuwa vinapita.

Sasa nisikilize, kama zamani ulivyokuwa ukinisikiliza.

Omonyene yupo. Mimi niliyewapa watoto adhabu ya kufagia kwa sababu yake nasema yupo. Nilimwona ndani ya yale maji akiteremka, mgongo mweusi, mrefu kuliko nyumba yetu. Ndiye aliyeuvunja ukuta, na angeuvunja wachimbe wasichimbe. Mogire pia anasema alimwona, na kila aliyekuwa kilimani sasa anasema alimwona. Mazishini watu watakuuliza. Wajibu hivyo hivyo, usiongeze.

Barua yako ya fisi maji ilikuwa mezani, imekwenda na meza. Hakuna anayeitaja, na nimemwambia Mogire kwamba habari za kuchimba niliziongeza mimi nikisoma, nipate kumkomesha. Ameniamini. Barua nyingine yoyote baada ya hiyo sikuipata. Kama uliandika, haikunifikia, wala usiniambie ilisema nini.

Nakutumia sweta ya kijani ya Walter kwa Manasseh, ifike kabla ya mama yako. Alikuwa ameianika huku kwa Mogire, ndiyo maana imebaki. Vaa, baridi imezidi, na hiyo yako imeisha kiwiko.

Magokoro wako,
Persis


Sironga,
23 Mei 2025

Magokoro,

Barua hii sitampa Manasseh. Nitakuja nayo nikutie mkononi, kwa sababu ninayotaka kusema siwezi kuyasema kwa midomo mbele ya watu, ukiwa unanitazama.

Sweta imefika. Bado inanukia maziwa. Nimeivaa tangu jana jioni na sijaivua.

Habari za kiwiko changu niliziandika mahali pamoja tu, katika barua ya Jumatatu. Kwa hiyo uliipata, na uliisoma, ukiwa umekaa kwa Mogire na Mjomba amelazwa kwenye chumba cha maiti. Unajua kwamba najua. Hata hivyo ukakaa ukaniandikia mnyama.

Mwalimu Emily ananiambia ukuta ule ungeanguka hata bila majembe, labda wiki hiyo hiyo. Anasema hivyo ili nilale, na namshukuru. Lakini ungeanguka wewe ukiwa Mosocho kwa Mama, na Mjomba akiwa shambani na ng'ombe. Ulikuwa umefunga nguo. Wazee ambao hawajui fizikia walikuambia uondoke, na mimi nikakuambia uzifungue. Uliniuliza kuna kitu au hakuna, na ulikuwa unaogopa, na mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumchekesha jaji. Chai uliimalizia kwa sababu nilikuandikia uimalizie. Mstari huo naukumbuka ulivyokaa kwenye karatasi.

Mazishini nitasema Omonyene yupo. Nitautaja mgongo mweusi na urefu wake. Mzee Mogire nitamwamkia kwa heshima na nitakubali kwamba alimwona. Hilo nitalifanya kwa ajili yako, na mama yangu hatasikia lingine kutoka kwangu.

Ila kwako siwezi. Unawazika wawili kwa msimu mmoja, na wa pili nilikuondolea mimi, halafu wewe ndiwe unayehangaika nisipatwe na baridi. Sijui nikuangalieje. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote cha majini.

Ukimaliza kusoma, tia karatasi hii kwenye moto wa jikoni. Nitakuwa nimesimama nje ya chumba unamolala, upande wa pili wa pazia, na sitaingia bila ruhusa yako. Kama hunitaki, nitaelewa, nitakwenda kukaa na wapishi. Kama unanitaka, kanyaga sakafu mara moja. Mimi nasikia.

Nyanchama